Bingwa wa Kujificha

Nchi yetu ni nchi ya amani. Naanza na hilo kabla ya lolote, maana najua wapo watu wa nje wanaopenda kutusema vibaya, na sitaki habari hizi ziwafikie wakapata la kusemea. Hapa kwetu hakuna vita. Hakuna njaa. Bunduki tunazo, ndiyo, na ni nyingi kuliko watu, kuku na baiskeli ukivijumlisha pamoja, lakini hazina neno na mtu. Zinakaa tu. Nyingine ukutani, nyingine chini ya mto, nyingine kwenye droo ya vijiko. Wazee Waasisi waliandika katika Katiba, kwa kalamu ya unyoya, kwamba kila raia ana haki ya kuwa na chuma chake, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kununua kalamu nyingine.

Mimi naitwa Chande, kazi yangu ni gari la matangazo. Nina pikapu yenye vipaza sauti juu ya paa, nazunguka mitaani nikitangaza mambo ya serikali: chanjo ya kuku, mikutano ya hadhara, kukatika kwa maji. Mazishi pia. Miaka ya karibuni mazishi ndiyo yamekuwa mengi, lakini silalamiki, kazi ni kazi.

Jambo la kwanza unalofundishwa ukipewa kibali cha kutangaza ni namna ya kusema. Sisi hatusemi watu wamepigwa risasi. Tunasema imetokea Hali. "Wananchi mnatangaziwa kwamba imetokea Hali sokoni." "Imetokea Hali harusini, bwana harusi yuko salama." Hali haina mtu aliyeileta wala chombo kilichotumika. Inatokea yenyewe, kama mvua, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeilaumu mvua.

Hali ikishatokea, serikali hujibu. Tunayo wizara kamili ya shughuli hiyo, Wizara ya Majibu, na ndilo jengo pekee la serikali ambalo lifti yake inafanya kazi. Waziri wake ni Mheshimiwa Lubandika, msemaji hodari ambaye machozi humtoka na kukauka kwa wakati unaofaa. Baada ya kila Hali husema neno lile lile: huu ni wakati wa kuomboleza, si wakati wa kuzungumzia bunduki, tutazizungumzia matanga yakishaanuliwa. Na kwa kweli hadanganyi. Matanga ya Hali moja hayajaanuliwa, Hali nyingine imeshatokea, kwa hiyo wakati wenyewe haujapata kufika.

*

Hali zilipoanza kutokea shuleni, wazazi walipiga kelele. Serikali sikivu ikaunda Tume. Tume ilizunguka nchi nzima, ikakaa hotelini, ikala, ikaandika, na ripoti yake Mheshimiwa Lubandika aliisoma uwanjani mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfungia vipaza sauti, kwa hiyo nilisikia vizuri.

"Ndugu wananchi," alisema, "Tume haikulala. Tume imechimba hadi kwenye mzizi wa tatizo. Na mzizi tumeupata! Katika kila Hali iliyotokea shuleni, narudia, kila Hali, bila kubakisha hata moja, watoto walikuwa wanaonekana!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Nilipiga na mimi. Ukiisikia hivyo, kwa sauti ile, unajiuliza kwa nini hatukuliona jambo hili mapema.

"Mtoto asiyeonekana," aliendelea, "hana tatizo lolote!"

Basi ndivyo lilivyoingia Somo la Kujificha. Lilichukua vipindi vya kuimba, kwa sababu kuimba kunasikika, na vipindi vya michezo, kwa sababu mchezaji anaonekana. Kukawa na mitihani, vyeti, na Kombe la Taifa. Binti yangu Zamda alinisomea kanuni zake siku moja tukiwa tunakula.

"Usilie," alisema, akihesabu kwa vidole. "Usiitikie hodi. Usiache alama mahali ulipokaa. Usiamini sauti ya mtu yeyote, hata ya mama yako, maana anaweza kuwa ameshikiwa bunduki kisogoni."

"Na sauti yangu je?" nilimuuliza kwa utani.

"Yako ndiyo kabisa, baba. Wewe unasema kila unachopewa."

Mama yake akacheka mpaka akapaliwa. Mimi pia nilicheka, baadaye kidogo.

Kulikuwa na sentensi moja tu ya kuwatoa watoto mafichoni, na mtu mmoja tu wa kuisema. Mwalimu mkuu husimama kwenye korido akasema: "Watoto, tokeni, hakuna bunduki tena." Bunge liliijadili sentensi hiyo kikao kizima, maana wabunge wengine walitaka neno bunduki litolewe, wakidai linaichafua. Mwishowe lilipita kwa kura chache. Na wanafunzi wa ngazi ya juu walifundishwa nyongeza: hata ukiisikia sentensi, chungulia kwanza ndipo utoke.

Katika yote hayo, lililonigusa ni hodi. Sisi tulikuwa watu wa hodi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaweza kuacha chungu kikaungua ilimradi aitikie "karibu" kabla mgeni hajarudia hodi ya pili. Sasa ukisimama mlangoni kwa mtu ukapiga hodi, unasikia ndani kandambili zinakimbia, halafu kimya. Unajua wamo. Unajua wamebana pumzi kama vile wewe ni jambazi. Unaondoka na kisahani chako cha futari ulichowapelekea. Hilo lilinihuzunisha, sifichi, ila nililipokea kama raia mwema.

*

Mtaani kwetu aliishi msusi mmoja, tunamwita Mama Tunu. Alisukia barazani, na mke wangu alikuwa mteja wake wa siku zote. Bintiye Tunu alikuwa darasa moja juu ya Zamda, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Akicheka huyo, hata Bwana Sudi, jirani yangu wa mkabala ambaye hajacheka tangu alipostaafu upolisi, alikuwa anakuna kidevu kuficha tabasamu.

Tunu ndiye aliyechukua Kombe la Taifa la Kujificha. Wakaguzi waliletwa kutoka makao makuu na mbwa wao, wakaipekua shule tangu gwaride la asubuhi hadi jua lilipoanza kupoa. Walipanda darini. Walifungua hata matangi ya maji. Walipokubali kushindwa, Mwalimu Mkuu Sikudhani alisema sentensi, na Tunu akawa amesimama katikati yao, sare yake haina hata vumbi.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" Mheshimiwa Lubandika alimuuliza mbele ya kamera.

"Hapa hapa," Tunu akajibu.

Wizara ilichapa bango lake likabandikwa nchi nzima. Lilikuwa picha ya darasa tupu, madawati na ubao, na chini yake maneno makubwa: TUNU YUMO HUMU. Nilipita nalo ubavuni mwa gari langu miezi mingi. Kuna wakati nikisimama kwenye foleni nilikuwa naitazama picha ile kwenye kioo cha pembeni nikawa namtafuta.

Mama yake hakuonekana mwenye furaha kama tulivyotarajia. Siku moja nilikuwa barazani kwake namsubiri mke wangu amalizwe nywele, nikamsikia.

"Mama Zamda, mwanangu hacheki tena. Anatabasamu tu, mdomo kaufunga. Juzi kaniomba nimtoe shanga kwenye nywele. Namuuliza kwa nini na wewe ulikuwa unazipenda? Kaniambia, 'Mama, zinagongana.'"

"Atakua, ataacha," mke wangu akamwambia.

"Namwita chakula, natafuta nyumba nzima. Chumba chenyewe kimoja, shoga yangu. Nikikata tamaa nakaa mezani, nageuka, yuko kwenye kiti pembeni yangu. Alikuwa hapo muda wote." Akashika chanuo bila kuchana. "Namwogopa mtoto wangu mwenyewe. Hebu fikiria."

*

Siku Hali ilipofika shuleni kwetu nilikuwa upande wa sokoni natangaza chanjo ya kuku. Niliona watu wanakimbia, nikajua, kwa sababu sisi tunazijua mbio hizo. Nilipofika getini, majibu ya serikali yalikuwa yameshafika. Yalifika kabla ya gari la wagonjwa. Kijana wa wizarani alinipa karatasi iliyokwisha kuchapwa, ikiwa na nafasi wazi ya kujaza jina la mahali, akaniomba kalamu.

Mhusika alikuwa kijana wa mitaa ya nyuma, na chuma chake alikinunua dukani kihalali, duka lenyewe liko karibu na shule kuliko duka la madaftari. Alikuwa ameshakufa. Mwalimu Mkuu Sikudhani naye alikuwa amelala kwenye mlango wa korido. Hakujificha, kwa sababu somo lile lilikuwa la wanafunzi, walimu hawakutengewa bajeti. Alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake. Walikuwepo na watoto. Mmoja alikuwa anakaa dawati moja na Zamda wangu, na alikuwa anakuja kwetu kula mihogo.

Sisi wazazi tuliingia. Shule ilikuwa kimya. Madarasa yote, korido yote, kimya, na tulijua watoto wamo. Tukaita. Kila mtu aliita jina la wake, mpaka majina yakachanganyika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka. Walikuwa wanafanya kama walivyofunzwa. Mtu pekee ambaye angeweza kuwatoa alikuwa amelala pale mlangoni, na tulikuwa tumemruka kuingia ndani.

Basi tukaanza kubomoa. Tulivunja makabati, tukapindua madawati, tukang'oa mbao za dari kwa mikono. Zamda nilimkuta stoo, nyuma ya maboksi ya chaki. Nilipomshika aliniuma mkono, na hakuachia. "Ni mimi, mama, ni baba yako," namwambia, na yeye ananiangalia kwa macho ambayo hayakunijua. Mpaka nilipomfikisha barabarani ndipo alipolegea. Alama ya meno yake bado ninayo, na sina haja ifutike.

Jua lilipokuwa linazama, kila mtoto alikuwa amepatikana, mzima au vinginevyo. Isipokuwa Tunu. Hakuwa miongoni mwa waliolazwa chini wakafunikwa. Hakuwa miongoni mwa waliokuwa wamebebwa. Mama yake alizunguka kundi hadi kundi akifunua nyuso, moja baada ya nyingine.

*

Mheshimiwa Lubandika alishindwa kuficha furaha yake.

"Ndugu wananchi," alisema kesho yake, "tumehuzunika, lakini tumefaulu! Kwa mara ya kwanza katika historia, Hali imeingia shuleni ikamkosa mtoto kabisa! Sisi wenyewe tumemkosa! Wataalamu wamemkosa! Nauliza, kuna usalama gani zaidi ya huo?"

Akamtunuku nishani. Kwa kuwa hayupo wa kuvikwa, wakaivisha dawati lake.

Mama Tunu hakwenda kwenye sherehe. Alikuwa amehamia shuleni na mkeka wake. Shule ilishafungwa, damu imeoshwa, na yeye anapita darasa hadi darasa, taratibu, akiita kwa sauti ya chini asimtishe. Jioni moja alipika wali na maharage, akaacha sahani juu ya meza ya mwalimu. Asubuhi aliikuta imeoshwa, imepinduliwa kifudifudi ikauke.

Alikuja kwangu akikimbia bila viatu. Alipiga hodi akajikumbuka, akasukuma mlango.

"Yu hai, Baba Zamda! Ameosha sahani. Hakuacha hata punje." Alikuwa analia na kucheka. "Mwanangu yumo. Anachotaka ni ile sentensi tu. Wewe una sauti, shemeji yangu. Njoo useme."

Nilimweleza utaratibu. Sentensi ile ni mali ya serikali, husemwa na mwalimu mkuu aliyeteuliwa, na mteule hawezi kupatikana kabla ya matanga kuanuliwa. Nikimsemea bila kibali, nanyang'anywa gari. Alinitazama tu. Kuna watu wanakutukana ukapumua, na kuna mtu anakutazama.

Nilimfikishia Mheshimiwa ombi hilo, naye, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unakaribia, akaamua kuisema sentensi yeye mwenyewe. Kukaletwa bendi na kapeti. Walinzi wake walimzunguka, kila mmoja na bunduki yake kifuani. Mheshimiwa akakohoa, akasema kwa sauti ya kiserikali: "Watoto, tokeni, hakuna bunduki tena!"

Tulisubiri. Bendi ilisubiri. Hakuna kilichotoka.

"Mheshimiwa," Mama Tunu akasema, "huyu ni wa ngazi ya juu. Anachungulia kwanza. Anawaona hao."

Mheshimiwa alishauriana na wataalamu wake pembeni. Muda si muda likaletwa gari la vitambaa vya maua, na kila bunduki ikashonewa gauni lake. Nyingine zikafungwa utepe. "Kuanzia sasa," Mheshimiwa akatangaza, "hivi vinavyoshikwa na vijana wangu si bunduki. Ni mizigo ya serikali." Akaisema sentensi tena. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la darasa la tatu, nikasikia ndani, karibu kabisa na sikio langu, mtu mdogo akishusha pumzi. Niligeuka haraka. Darasa lilikuwa tupu, madawati na ubao, vile vile kama kwenye bango.

Mheshimiwa alitangaza kwamba kimya cha mtoto ni uthibitisho wa imani yake kwa serikali, akaondoka. Kapeti waliondoka nalo.

*

Ndipo Mama Tunu alipotuendea sisi. Alipita nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa hakuna aliyeitikia hodi yake, alizungumza na milango iliyofungwa. Nilimsikia akiwa kwa Bwana Sudi, ng'ambo ya barabara.

"Jamani, siku moja tu. Sisemi mzitupe, ni zenu, Katiba inasema. Ziacheni nyumbani tu, mje na mikono mitupu. Aone kwamba hakuna. Nawaomba, ndugu zangu. Mtoto wenu yule, mnamjua. Mmekula kicheko chake bure miaka yote."

Nyuma ya milango tulilia. Mke wangu alilia mpaka nguo ikalowa. Na Jumamosi tukaenda, mtaa mzima, tukajaa uwanja wa shule. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Wababe wa mtaa, wazee, mabibi, wote wameinua mikono mitupu juu kuelekea madirishani. Hata Sudi aliinua yake. Mama Tunu alikuwa mbele na mkoba wake begani, na bangili zake zilikuwa zinalia kila alipoinua mkono.

Nikashika kipaza sauti. Sikuwa na kibali. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa natangaza kitu ambacho sikupewa na mtu.

"Watoto," nikasema, "tokeni. Hakuna bunduki tena."

Upepo ulisukuma mlango wa korido ukarudi. Halafu sauti ikatoka ndani, ya kitoto, wala si kubwa. Hakuna aliyeweza kusema inatokea upande gani. Ilikuwa kama inatoka kwenye kuta zote.

"Baba Zamda," ikasema, "kwenye soksi."

Mikono yangu ilikuwa bado juu. Niseme nini? Ilikuwa ndogo tu, ya kwenye soksi ya kulia, na nilikuwa na sababu. Niliiacha nyumbani kweli, nikafika kona, nikamfikiria Sudi. Mtu aliyekuwa polisi hawezi kutoka mtupu. Nikarudi kuichukua.

"Bwana Sudi, kiunoni, nyuma."

Sudi akashusha mikono. Baadaye aliniambia naye alikuwa amenifikiria mimi.

"Bibi Mwanaheri, kwenye khanga. Mwalimu Dede, kwenye kofia. Mama Zamda, ndani ya kikapu, chini ya ndizi."

Nikamgeukia mke wangu. Hakuniangalia. Sauti iliendelea, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio, jina na mahali, jina na mahali, na kila aliyetajwa mikono yake ikashuka. Haikumruka mtu. Haikukasirika pia, na hilo ndilo lililonitia baridi. Ilikuwa inasoma tu alichokiona. Tulidhani yeye ndiye bingwa wa kuficha, kumbe sote tulikuwa tumefaulu somo lile, na tulikuwa hatujalisomea.

Kisha ikasema, kwa upole zaidi: "Mama. Kwenye mkoba."

Mama Tunu alipiga magoti. Nilidhani ameanguka. Akaufungua mkoba, akaitoa, kitu cheusi kidogo cha kutosha kiganjani. "Niliinunua ulipozaliwa," alisema, akiwa anaongea na ukuta. "Ya kukulinda wewe, mwanangu. Ya kukulinda tu." Akaiweka chini, mchangani, mbele yetu sote. Akavua bangili moja moja akaziweka pembeni yake. Akavua viatu. Akatembea hadi mlango wa korido, pale pale Mwalimu Sikudhani alipolala, akasimama kama mtu aliyefika kwa watu asiowazoea.

"Hodi," alisema.

Tulisubiri sote. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Karibu, mama," ikajibu sauti.

Akaingia. Wakati mlango unafungwa nilitazama soksi yangu, nikamtazama Sudi, na Sudi akanitazama. Kama angeanza yeye, naapa ningefuata. Tulibaki tumesimama hivyo mpaka watu wakaanza kuondoka, kinyumenyume, kila mtu akimwangalia mwenzake.

*

Mama Tunu hakutoka tena. Tulipekua, tukaleta na mbwa. Mke wangu alikuwa anawapelekea chakula, na asubuhi alikuwa anakuta sahani mbili zimeoshwa, zimepinduliwa.

Baadaye kidogo zikawa tano. Bibi Mwanaheri alionekana akienda upande wa shule bila khanga yake ya pili, na khanga ile ilikutwa mlangoni na kitu kizito ndani yake. Kisha familia ya Mwalimu Dede. Kisha watu wakaacha hata kwenda shuleni, wakawa wanapotelea majumbani mwao. Unamwona mtu jana anaanika nguo, leo kamba tupu, na kizingitini kimelala chuma, bangili, viatu. Jamaa wakija hawaambulii kitu ila harufu ya chakula kilichotoka kuliwa.

Wizara ya Majibu imefurahi mno. Takwimu za Hali zimeshuka kuliko wakati wowote, maana Hali haina pa kutokea. Mheshimiwa Lubandika amepandishwa cheo, na alihutubia uwanjani juzi. Nilimfungia vipaza sauti. Mbele yake walikuwepo walinzi, mimi, Sudi na wengine wa namna yetu, tumekaa mbalimbali. Alituambia kwamba taifa halijapata kuwa tulivu kiasi hiki, na kwa utulivu, nchi yetu hakuna wa kuishinda.

Mimi bado natangaza. Napita mitaa ile ile, natangaza chanjo, natangaza maji yatakatika, na sauti inagonga kuta na kunirudia. Pengine nasimamisha gari nasema tu, "Hamjambo?"

Ijumaa nilirudi nyumbani nikakuta kizingitini kikapu cha mke wangu, na chini ya ndizi ile yake. Pembeni kuna viatu vya Zamda vya shule, vimepangwa vizuri, vidole vikitazama nje. Niliingia. Vyumba vyetu ni viwili na jiko. Nilitafuta kila mahali, nikaita kila jina la mapenzi ninalolijua. Kabatini sahani mbili zilikuwa zimepinduliwa, bado zinachuruzika.

Tangu hapo naketi nje, kwenye ngazi yangu. Sudi naye ameketi kwenye yake, ng'ambo. Mkewe alitangulia wiki iliyopita. Ninajua cha kufanya, sijawa mjinga. Ni kuinama, kuvuta soksi, kuiweka chini, na kupiga hodi. Lakini yule pale bado anayo kiunoni, naiona inavyomsumbua akikaa. Nikiitoa mimi naye akabaki nayo? Nimemwuliza jana, "Sudi, tutoe pamoja?" Akasema, "Anza wewe." Nikamwambia, "Wewe ndiye mkubwa." Basi tumeketi.

Leo saa za alasiri nilimsikia Zamda ndani. Alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa sauti, kile kicheko cha kupaliwa alichokirithi kwa mama yake, ambacho sijakisikia tangu walipoondoa vipindi vya kuimba. Na kulikuwa na shanga zinagongana, kama mtu anasukwa. Niliinuka nikausogelea mlango, chuma kinanichubua kifundo cha mguu.

"Hodi," nikasema.

Kicheko kikakatika.